Ukakasi

Juni, utomvu ukipanda, gome hukubali.
Nawahi. Wiki tatu baadaye litang'ang'ania mti
kama mtoto mwenye homa anavyong'ang'ania shingo.
Sieđga twauita, huu mti wa kando ya mto,
mwembamba, haufai nguzo, haufai hata mwiko;
nauchanja kwa kisu, gome lavuka kwa mkupuo mmoja,
ndani jeupe,
na kabla sijafika kwenye gunia limeshaona haya,
jekundu.

Natafuna kipande. Ulimi wajikunja,
mashavu yavutana kwa ndani
kana kwamba nimeuma tunda kabla ya siku yake.
Mama hakuwa na kipimo kingine:
kikikata ulimi, kitashika ngozi.

Ngozi ni ya dume la Septemba, kulungu wetu wa theluji.
Nililoweka mtoni siku nane, mawe juu yake,
mpaka manyoya yakaachia kwa kidole tu.
Nikaiparua juu ya gogo, nyama hii, utando huu,
tumbo langu likisukuma mpini wa chuma.
Mgongoni ina matundu thelathini na moja. Nimeyahesabu.
Nzi walitaga humo, mabuu yakala, yakatoboa, yakaenda zao.
Mnunuzi wa mjini angeitupa.

Maji ya gome nayapima kwa kiwiko, kama ya kuogeshea mchanga.
Nilipokuwa na miaka kumi na tisa sikupima.
Ngozi ikajikunja pipani kama sikio la mbwa aliyekaripiwa,
ikawa bamba.
Mama hakunigombeza.
Aliitundika ukutani, juu ya meza ya chakula,
mwaka mzima.

Kwa hiyo sasa nina subira, au tuseme nina woga,
sijui tofauti yake. Maji ya kwanza mepesi kama chai ya mgonjwa,
ya pili mazito, ya tatu meusi.
Kila asubuhi nakoroga, nageuza, nakata pembe ndogo
nione kama rangi imefika katikati.
Bado mstari mweupe. Bado. Bado uzi tu.
Siku ya ishirini na sita, hamna.

Nikaisuuza, nikaipaka mafuta ya maini ya samaki.
Na hapo ndipo mikono miwili haitoshi.

Namba ya Gáddjá ninayo kichwani;
mdomo ndio haukuwa nayo, miaka sita,
tangu alama ya sikio ya mama,
mikato ile mitatu iliyotambulisha kundi letu,
ilipokwenda kwa mwanawe, si kwa wangu.

Alikuja na chupa yake ya kahawa
ili asiinywe yangu.
Tukaketi sakafuni, nyayo kwa nyayo,
ngozi kati yetu. Navuta. Anavuta.
Husemwa, ngozi ivute i maji.
Kweli, lakini methali imekwenda kulala mapema:
ukiivuta i maji ukaiacha, kesho ni ubao.
Huvutwa i maji, huvutwa i nusu maji,
huvutwa mpaka baridi ya mwisho imetoka ndani yake
na wewe huna mabega tena.

Saa tano. Hakusema neno la alama.
Sikusema. Aliniambia mara moja, "Kwako imekaza,"
nami nikalegeza.
Alipochoka aliinua ngozi hadi dirishani,
jua la usiku likapenya matundu yote,
likamwaga punje thelathini na moja usoni mwake.
"Zibakize," akasema. "Usitie kiraka."
Akafunga chupa yake, akaondoka.

Jumatano simu ikalia. Hakusalimu.
"Dukani watu wamenikwepa. Mikono bado inanuka."
"Yangu pia."
Nikasikia saa yake ya ukutani, ile ya mama.
Halafu: "Ghalani kwangu kuna mbili nyingine,
Ásllat hazitaki."

Nikatazama kona ya jikoni.
Gome limebaki nusu gunia.